Ukurasa wa Mtoto Mvivu

Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba mchicha unaungua. Walichuchumaa kulizunguka tuta lao nyuma ya kituo, wakawa wanayagusa majani kwa ncha za vidole kama mtu anavyompapasa mgonjwa paji la uso. Kingo za majani zilikuwa zimegeuka kahawia na kujikunja. Mche wa boga, uliokuwa umekwisha kuanza kutambaa, ulikuwa umelala kifudifudi.

"Mwalimu!" aliita Hasi, mtoto wa Koituri mjane. "Njoo uone, mchicha una homa!"

Morjina aliacha ufagio mlangoni akaenda. Hakuwa na haja ya kuinama. Mtu aliyezaliwa kijijini Gabtola na kuolewa Gabtola anaijua chumvi kabla hajaiona; anaijua kwa harufu ya asubuhi na kwa ngozi ya mikono inavyowasha. Lakini aliinama hivyo hivyo, kwa sababu watoto walikuwa wanamtazama, na kwa sababu alitamani sana iwe ni kazi ya wadudu. Hawakuwa wadudu. Udongo ulikuwa umeanza kutoa ukungu mweupe juu yake.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati ambako wadogo wasiofika umri wa shule waliletwa asubuhi, mama zao wakienda kuchambua kamba wa kufugwa kwenye mabwawa. Shirika moja la Dhaka lilikuwa limempa Morjina kazi ya kuwafundisha, mshahara wa kusitiri aibu tu, na pamoja na kazi wakampa kitabu kikubwa cha picha. Kilimhusu mtoto aitwaye Tuni. Tuni analima bustani na babu yake, Tuni anapanda mchicha mwekundu, Tuni anakula mboga na kukimbia kuwashinda wenzake. Kitabu kizuri, siwezi kukisingizia. Aliyekichora alikuwa na mkono na moyo pia. Ila alikichora akiwa mbali na sisi, mahali ambapo udongo ni mweusi na maji ya kisima yananyweka.

Watoto wa Gabtola walikipenda kufa. Hawa walikuwa watoto waliozijua mboga kama vitu vinavyoletwa na toroli kutoka mji wa Satkhira, vimenyauka njiani, na wakubwa ndio hula kwanza. Wakati wa baridi, mvua zikiwa zimekwisha kuiosha ardhi chumvi, walipanda kama Tuni. Mchicha ukaota. Siku ya mavuno ya kwanza Morjina aliupika palepale kituoni, wali ukageuka mwekundu kama kitabuni, na jioni ile kila nyumba ilikuwa na mtoto anayewatolea watu ulimi waone rangi. Koituri mjane alikuja kumwambia Morjina kwamba Hasi amekataa kusukutua.

Na kulikuwa na ukurasa mmoja waliokuwa wakiupigia kelele kuliko yote. Tuni amekwenda kucheza, amesahau kumwagilia, na mmea umeinamisha kichwa, umechorewa macho na machozi. "Nani kaua mmea?" Morjina husoma. "Mtoto mvivu!" hujibu wote, na kupiga makofi. Kitabu kizima hakikuwa na sababu nyingine ya mmea kufa.

Kwa hiyo asubuhi ile hawakuhitaji kufikiri sana. Kabla mwalimu hajanyanyuka, kimojawapo cha vitoto kilikuwa kimekwisha kwenda kukileta kitabu, kimefungua ukurasa wenyewe, kimeushika juu kama hakimu.

"Mtoto mvivu! Zamu ni ya nani?"

"Ya Hasi! Zamu ni ya Hasi!"

"Nilimwagilia!" Hasi alipiga yowe. "Wallahi nilimwagilia! Jana niliumwagia hata maji yangu ya kunywa!"

Ilikuwa kweli. Maji ya kunywa Gabtola yanafuatwa kwenye dimbwi la mvua lililo kijiji cha tatu, kwa mitungi, na kila mtoto huja kituoni na chupa yake ambayo ni ya mchana kutwa. Morjina alikuwa amemwona Hasi akiinyunyiza chupa yake shina baada ya shina, kisha akashinda na kiu bila kusema. Sasa yule mtoto alikuwa amesimama katikati ya wenzake, makamasi na machozi yameungana, na kitabu kinamtazama. Morjina alipandwa na hasira ambayo hakujua imetoka wapi.

"Funga hicho kitabu," alisema. "Kitabu hakijui."

Hawakuwahi kusikia kwamba kitabu kinaweza kutojua.

"Chovya kidole, Hasi. Gusa udongo. Haya, lamba."

Hasi akalamba, akakunja uso. "Chumvi!"

Basi wote wakalamba, wakatema, wakacheka, wakalamba tena. "Imetoka wapi?" Morjina aliuliza. Hawakumngoja awajibu. Nyuma ya kituo, ng'ambo ya kijikingo cha udongo unachoweza kukiruka ukiwa na haraka, maji ya bwawa la Bwana Nowsher Morol yalikuwa yanametameta hadi macho yanapofika. Miaka mingine alisubiri mwezi wa Falgun, baridi inapoisha, upite ndipo afungulie maji ya chumvi ya mto. Mwaka huu kamba wamepanda bei, hakusubiri.

"Ukurasa huu haumo kitabuni," Morjina aliwaambia. "Tutauchora wenyewe."

Wakauchora siku nzima, kwa kalamu za rangi za kugombania. Wakachora bwawa, wakachora bomba nene linalotapika maji, wakachora mchicha wenye macho na machozi, kwa sababu hilo walikuwa wamejifunza kwa Tuni. Jhinuk, binti wa Morjina mwenyewe, alichora mtu mrefu mwenye tochi, amesimama kwenye bomba. Morjina aliushona ukurasa ule kwa sindano na uzi, ukakaa baada ya ule wa mtoto mvivu. Aliufungua na kuufunga mara kadhaa kuona kama unakaa vizuri. Alijisikia vizuri siku ile, na sitamlaumu.

*

"Nimekuchora, Baba," alisema Jhinuk jioni, kabla baba yake hajamaliza kunawa mikono.

"Ehee? Umenichora nina masharubu?"

"Una tochi. Unafungua maji, mchicha unakufa."

Moksed alikuwa mlinzi wa bwawa la Morol, na yeye ndiye aliyekuwa akizungusha gurudumu la bomba anapoagizwa. Alikaa mkekani taratibu. Mama yake, bibi Sabejan, aliacha kuponda tambuu kwenye kinu chake kidogo.

"Mama Jhinuk," Moksed alisema, "mtoto anasema nini?"

"Anasema alichokiona. Walitaka kumsulubu Hasi wa watu kwa sababu ya kitabu. Ningefanyaje?"

"Na huo mchoro uko wapi?"

"Nimeushona kitabuni."

"Umeushona!" Bibi Sabejan alicheka bila furaha. "Mwanangu, mkeo ameanza kutunga vitabu. Kesho atatutungia na kesi."

"Mama, ni michoro ya watoto," alisema Morjina.

"Baba Jhinuk ndiye aliyechorwa, si watoto."

Moksed hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Katika kazi yake alikuwa amesahau namna ya kuipandisha. "Nyumba hii imesimama wapi?" aliuliza.

Wote walijua. Tangu mto ulipomega kiwanja chao walikuwa wanakaa juu ya ukuta wa udongo unaozuia maji, kwenye sehemu ambayo serikali inasema ni yake na Morol anasema ni yake, na anayesikilizwa ni Morol. Alikuwa amewaruhusu kwa mdomo tu, siku moja akipita.

"Wageni wa shirika wanakuja Jumanne," Moksed alisema. "Bwana Morol naye atakuja. Utoe ule ukurasa."

"Nitautoa."

Alikusudia kuutoa, kweli. Jumapili alishika mkasi. Watoto wakamzunguka wamwombe awasomee "ukurasa wetu", akausoma, akaurudisha mkasi mahali pake. Jumatatu alijiambia kwamba wageni wa mjini hawafiki mwisho wa kitabu. Hufungua katikati, hupigwa picha, huomba chai.

*

Jumanne asubuhi Lubna, msimamizi kutoka shirikani, alifika mapema kwa pikipiki, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alikuwa msichana mwenye haraka na moyo usio mbaya. Alipoiona bustani alishika kiuno.

"Dada Morjina! Hii ndiyo bustani niliyoiandikia ripoti?"

"Ni chumvi, Dada Lubna. Wamefungulia maji mapema."

"Wageni wametoka Dhaka kuja kupigwa picha na mchicha. Nitawapiga picha na nini, na majivu?" Aliangalia saa, akafungua begi. Alikuwa amejiandaa, labda bustani nyingine alizosimamia zilikuwa na maradhi hayo hayo. Akatoa mafungu ya mchicha wa sokoni, bado umefungwa kwa majani ya mgomba. "Nisaidie kuchomeka."

Wakauchomeka kwenye tuta, bua baada ya bua, wakaunyunyizia maji uchangamke. Watoto walisimama mstari wakitazama.

"Mwalimu," alisema Jhinuk, "huu hauna mizizi."

"Nyamaza, mama."

"Utakufa lakini."

"Si mpaka wageni waondoke," alisema Lubna, na akacheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

Wageni walikuja watatu pamoja na Bwana Nowsher Morol, ambaye alikuwa mgeni rasmi kwa kuwa mabati ya kituo yalikuwa sadaka yake. Alikuwa mzee nadhifu, kanzu nyeupe, ndevu zimepakwa hina, mpole kupita kiasi. Aliwauliza watoto majina ya baba zao, akawa anawajibu, "Ah, namjua! Mtu wangu huyo!" Wakapigwa picha na mchicha usio na mizizi. Wakaimba. Kisha mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akachutama mbele ya Jhinuk na kumuuliza kwa upole wa kweli: "Hebu nionyeshe ukurasa unaoupenda kuliko yote."

Morjina alikuwa anamimina chai. Alimwona binti yake akikifungua kitabu kwa mikono miwili, akipita udongo mweusi, akipita babu, akipita mtoto mvivu. Alitaka kumwita. Angemwita amwambie nini, mbele za watu?

"Jamani, wamechora wenyewe!" alisema yule mama. "Bwana Morol, njoo uone ubunifu huu. Hii ni nini, kipenzi?"

"Hilo bwawa la Bwana Morol. Hilo bomba lake. Maji ya chumvi yanaingia, mchicha unakufa. Huyu baba yangu, anafungua." Jhinuk aliinua macho. "Tochi kaikosea Hasi kuipaka rangi, si mimi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Morol mwenyewe. Wengine wakaona ruhusa, wakacheka. Alimpapasa mtoto kichwani, akasema, "Ana mkono, huyu. Baba yake nani? Ah, Moksed! Mtu wangu." Kisha akachukua kikombe chake kutoka kwa Morjina, akaonja, akaomba sukari kidogo.

*

Mchana wa siku iliyofuata Moksed alirudi nyumbani saa ambayo mlinzi harudi. Hakuwa na tochi. Ilikuwa tochi ya kazini, kubwa, ya kuning'inia begani, na bila hiyo alionekana mfupi.

"Wamekufukuza?" Morjina aliuliza.

"Hakunifukuza. Angenifukuza ningejua pa kuanzia." Alikaa kwenye kizingiti. "Amenipa chai. Ameniuliza hali ya mama. Akasema, weka tochi hapo kwanza, mpaka mambo ya nyumbani kwako yatulie."

"Mambo gani?"

"Kesho Alhamisi mama za watoto wana mkutano pale kituoni. Anasema mwalimu awaeleze watoto, na mama zao wakiwepo, kwa nini bustani ilikufa. Awaeleze kama kitabu kinavyosema. Anasema watoto wadogo wakikosea wasahihishwe mapema." Akagusa udongo wa kizingiti. "Na anasema ukuta huu wa udongo unataka matengenezo. Hapa hapa, sehemu hii. Kama mambo hayakutulia."

Bibi Sabejan alikuwa amelala nyuma ya pazia. Wote walijua hakulala. "Kwani anataka nini cha ajabu?" alisema kutoka huko. "Watu wametia vidole gumba kwenye hati kwamba waliuza mashamba wasiyoyauza. Mume wangu alitia. Wewe unaombwa uongo wa mchicha, mwanamke, wa mchicha tu, unaona shingo itakatika!"

"Mama, wanangu wanaumwagia maji yao ya kunywa. Niwaambie ni wavivu?"

"Watasahau. Watoto hawa walisahau hata kimbunga."

Morjina alitoka, akapanda juu ya ukuta wa udongo ambapo simu hushika, akampigia Lubna. Alimweleza yote, kwa haraka, kwa kuwa salio lilikuwa dogo. Kwa upande wa pili kulikuwa na kelele za ofisi.

"Dada," alisema Lubna, "mabati ni yake. Kiwanja ni chake. Tukikosa kituo kile, watoto watashinda wapi? Wewe fuata kitabu tu. Hatujakuambia useme jambo lolote lisilokuwa kitabuni."

"Kitabu kinasema ni mtoto mvivu."

"Basi... ni kitabu, Dada. Kitabu hakimsemi mtu."

Aliporudi, Moksed bado alikuwa kizingitini. Hakumuuliza amejibiwa nini. Alisema tu, akitazama mikono yake, "Sikuombi, Mama Jhinuk. Siwezi hata kukuomba. Mimi ndiye niliyefungua." Afadhali angempigia kelele, Morjina angepata wa kugombana naye.

*

Alhamisi mama walikaa sakafuni upande mmoja, watoto upande mwingine. Morol hakuja. Alimtuma msimamizi wake, Gofur, ambaye alikalia kiti pekee, miguu imekunjwa, ameweka tochi ya Moksed mapajani kama aliyeiokota njiani.

Morjina alikishika kitabu. Wanawake wale wote waliijua chumvi kuliko yeye. Wengine walikuwa na mikono iliyochubuka kwa maji hayo hayo asubuhi ile. Walitazama chini. Walijua anachotaka kusema na walijua kwa nini, na walimwombea amalize upesi.

"Watoto," alisema, "mnakumbuka bustani yetu. Mnakumbuka mwalimu aliwaambia ni chumvi." Akakifungua kitabu. "Mwalimu alikosea. Mwalimu pia hukosea. Tutazame kitabu kinasema nini."

Kwanza ilibidi autoe ule ukurasa. Gofur alisubiri. Morjina alichomoa uzi, mshono baada ya mshono, kwa kuwa mkasi ungeharibu kurasa nyingine, na kazi ile ikachukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Watoto walifuata kila mshono kwa macho. Akaukunja ukurasa akampa Gofur, naye akautia mfukoni bila kuutazama.

"Nani kaua mmea?" Morjina alisoma.

Hasi alikuwa ameingiza kidole kinywani, kile alicholambia udongo.

"Haya, watoto. Nani kaua mmea?"

"Mtoto mvivu," alisema mmoja, na wengine wakafuatia, kwa sauti ya chini, pasipo makofi.

Hapo pangekuwa mwisho. Lakini Gofur alitaka habari nono ya kurudi nayo, au alitaka kumfurahisha bwana wake kuliko alivyotumwa, maana kuna watu wa namna hiyo. Alijiegemeza kwenye kiti. "Vizuri. Na zamu ilikuwa ya nani?"

"Ah, ndugu Gofur," alisema mwanamke mmoja, "ni watoto."

"Nauliza tu. Mtoto asipotajwa hajifunzi. Zamu ilikuwa ya nani?"

Vichwa vyote vidogo vikamgeukia Hasi. Koituri mjane alikuwa ameajiriwa kuchambua kamba kwa Gofur huyo huyo, kwa kibarua cha siku kwa siku. Alisimama akamfikia bintiye kwa hatua mbili, mkono umekwisha kunyanyuka, uso umemsawijika kwa woga. Hasi hakukimbia. Alifumba macho kama mtoto aliyezoea.

"Ilikuwa ya Jhinuk," alisema Morjina.

Mkono wa Koituri ukabaki hewani.

"Zamu ilikuwa ya Jhinuk wangu," Morjina alirudia, kwa sauti kubwa zaidi. "Alikwenda kucheza. Akasahau."

Jhinuk alimtazama mama yake. Kituoni alifundishwa kumwita Mwalimu, si Mama, na alikuwa hajawahi kukosea. Ilionekana anatafuta kichwani mwake ile siku aliyokwenda kucheza, anaitafuta kwa bidii, kama anayeamini kwamba ikishasemwa na Mwalimu lazima imo mahali.

"Nilisahau?" aliuliza.

"Ulisahau."

"Haya," alisema Jhinuk, na akakaa vizuri.

*

Gofur mwenyewe ndiye aliyeileta zawadi jioni ile. Boga zima la rangi ya chungwa, vitunguu, na kamba wabichi wamefungwa kwenye jani, wale wakubwa wanaokwenda ng'ambo, ambao Moksed alikuwa amewalinda miaka yote bila kuwaonja. Na tochi. Bibi Sabejan aliipokea tochi kwa mikono miwili, akamwombea Bwana Morol maisha marefu, akamlazimisha Gofur akae kibarazani apate tambuu.

"Mtoto anakua na adabu," alisema Gofur kutoka nje, kinywa kimejaa. "Bwana amefurahi. Amesema ale ashibe."

Morjina alipika. Mikono yake ilijua kazi yenyewe, naye aliiacha ifanye. Aliandaa ndani, akamtengea Jhinuk sahani yake, boga laini juu, kamba wawili pembeni. Nyumba nzima ilinukia kama sikukuu.

Jhinuk alitazama sahani, mikono yake mapajani.

"Kula, mama," alisema bibi yake.

"Wapelekewe kina Hasi."

"Kina Hasi wana kwao. Kula."

"Mimi niliua mchicha," Jhinuk alisema, kwa utulivu, kama anayemweleza mtu asiyekuwepo mkutanoni. "Sasa nikila boga, Tuni ataniona."

Moksed alilirudisha sahanini tonge alilokuwa amekwisha kulifikisha mdomoni. Alitupa jicho mlangoni, ambako sauti ya Gofur ya kutafuna ilikuwa inasikika, kisha akamsogelea binti yake mpaka magoti yao yakagusana. Alisema kwa kunong'ona.

"Si wewe, Jhinuk. Hukuua. Ni mimi. Baba ndiye aliyefungua maji."

Jhinuk alimtazama kwa huruma. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu mkubwa anayemwona mtoto akijitwisha mzigo usio wake, akampapasa mkono.

"Hapana, Baba," alisema kwa sauti yake ya kawaida, iliyosikika hadi kibarazani. "Wewe umetolewa kitabuni. Ni mimi. Si ndiyo, Mwalimu?"

Kutafuna kule nje kukakoma. Bibi Sabejan alimtazama Morjina, Moksed hakuweza. Morjina alikuwa ameshika upawa, mvuke wa boga unampanda usoni, na maneno yote aliyokuwa ameyatunza kwa ajili ya binti yake tangu mchana yalikuwa mdomoni, yamejaa, yako tayari.

"Ndiyo," alisema. "Ni wewe."

Jhinuk akaitikia kwa kichwa, ameridhika kwamba jambo limekwisha. Akaisukuma sahani yake kwa vidole, taratibu isimwagike, mpaka mbele ya baba yake.

"Basi kula wewe, Baba. Wewe huna kosa."